Carl Gustav Jung: Daktari Aliyepima Kujikwaa kwa Ulimi

Utangulizi

Wahenga wetu waliona kwamba heri mtu ajikwae dole kuliko kujikwaa ulimi. Hofu yao ilikuwa juu ya neno lililokwisha kuponyoka, kwa kuwa neno la aina hiyo halina namna ya kurudishwa. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, daktari mmoja kijana wa Uswisi alianza kuuchunguza ulimi unaojikwaa kwa jicho jingine. Kilichomshughulisha ni ule mkwamo mfupi unaolitangulia neno, yaani muda ambao mtu aliyetajiwa neno husita kabla ya kujibu. Aliupima mkwamo huo kwa saa, akauandika daftarini, kisha akauliza swali ambalo mwanafunzi yeyote wa semantiki angepaswa kujiuliza: kwa nini neno hili, na si lile?

Daktari huyo ni Carl Gustav Jung. Wanafunzi wa fasihi humfahamu zaidi kupitia uhakiki wa vikale, ile dhana yake ya taswira kongwe zinazojirudia katika ngano na visasili vya mataifa mbalimbali. Makala haya yanamrejelea Jung wa miaka ya awali, Jung wa maabara, kisha yanamfuata hadi kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Huko, neno moja alilolitamka katika baraza lilimfunza jambo ambalo saa yake isingeweza kumfunza.

Malezi katika nyumba ya maneno

Jung alizaliwa tarehe 26 Julai 1875 katika kijiji cha Kesswil, jimbo la Thurgau, kaskazini mashariki mwa Uswisi. Baba yake, Paul Achilles Jung, alikuwa mchungaji wa Kanisa la Reformed na katika ujana wake alikuwa amesomea lugha za Mashariki. Mama yake, Emilie Preiswerk, alikuwa binti wa mchungaji mashuhuri wa mji wa Basel aliyebobea katika lugha ya Kiebrania. Kwa hivyo mtoto huyu alikulia katika nyumba ambamo maneno matakatifu yalisomwa, yalifasiriwa na kuhubiriwa kila wiki.

Hata hivyo, ni katika nyumba iyo hiyo alikotambua mapema kwamba neno linaweza kutajwa kila siku na bado likawa tupu. Alipokuwa akiandaliwa na baba yake kwa ajili ya kipaimara, alingoja kwa hamu kubwa kulifikia somo la Utatu Mtakatifu. Walipolifikia, baba yake aliliruka, akakiri kwamba yeye mwenyewe hakulielewa hata kidogo. Kijana aliustahi ukweli huo wa baba yake, lakini alivunjika moyo. Alianza kumwona mzee wake kama mtu aliyebeba maneno makubwa ambayo hayakuwa yakimgusa tena moyoni. Mchungaji huyo aliaga dunia mnamo Januari 1896, mwanawe akiwa na umri wa miaka ishirini na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Basel.

Familia iliachwa na fedha chache, lakini Jung aliendelea na masomo hadi akahitimu mwaka wa 1900. Wenzake walishangaa alipochagua tawi la maradhi ya akili, tawi ambalo wakati huo halikuwa na heshima kubwa miongoni mwa madaktari. Mnamo Desemba mwaka huo alianza kazi katika hospitali ya Burghölzli, Zürich, chini ya Profesa Eugen Bleuler.

Maneno mia moja na saa ya mkononi

Bleuler alikuwa mkurugenzi wa namna yake. Aliwataka madaktari wake wakae na wagonjwa, wazungumze nao na kuyasikiliza hata yale maneno yaliyoonekana kuwa upuuzi. Alitaka pia kujua iwapo kuna njia ya kisayansi ya kuchunguza jinsi fikra za mgonjwa zinavyofuatana. Jung alikabidhiwa kazi hiyo, akishirikiana na daktari mwenzake Franz Riklin.

Jaribio lenyewe halikubuniwa na wao. Mnamo mwaka wa 1879, Mwingereza Francis Galton alikuwa amechapisha matokeo ya jaribio alilojifanyia mwenyewe. Aliandika orodha ya maneno 75, akawa analifunua moja baada ya jingine na kupima muda uliopita kabla ya neno hilo kumletea wazo. Nchini Ujerumani, Wilhelm Wundt na wanafunzi wake waliiendeleza mbinu hiyo maabarani. Shabaha ya watangulizi hawa ilikuwa kupata kanuni za jumla za mfuatano wa mawazo. Mtu aliyechelewa kujibu, aliyekosa jibu au aliyecheka badala ya kujibu alihesabiwa kuwa ameharibu jaribio.

Hapa ndipo upekee wa Jung unapojitokeza. Aliyaokota yale makosa waliyoyatupa wenzake, akayafanya kuwa kiini cha utafiti.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Mtafiti aliketi na mtahiniwa, akamtajia neno moja na kumtaka ajibu upesi kwa neno la kwanza linalomjia akilini. Orodha aliyoizoea Jung ilikuwa na maneno 100 ya kawaida, kama vile kichwa, kijani, maji, kuimba, kifo, meli, kulipa na dirisha. Muda wa kila jibu ulipimwa kwa saa iliyoigawa sekunde katika sehemu tano. Orodha ilipokwisha, mtafiti aliirudia tangu mwanzo na kumwomba mtahiniwa akumbuke majibu aliyoyatoa mara ya kwanza.

Katika makala yao ya mwaka wa 1904, Jung na Riklin waliripoti zaidi ya majibu 12,000 yaliyotolewa na watu 38 wenye afya njema, wasomi kwa wasiosoma. Baadhi ya waliyoyagundua yangali na mvuto kwa mwanaisimu. Ilidhaniwa kwamba wasomi wangezingatia maana ya neno zaidi ya wengine. Mambo yalikuwa kinyume. Wasomi walielekea kujibu kwa mazoea ya lugha: kinyume cha neno, semi zilizozoeleka, au neno linalofanana nalo kwa sauti. Wale ambao hawakusoma sana ndio waliolipima kila neno kwa uzito wake, kana kwamba wako mbele ya mwalimu katika mtihani. Isitoshe, watafiti hawa walizingatia suala la lahaja. Waswisi hao walizungumza Kijerumani cha kwao nyumbani na mitaani, ilhali neno la Kijerumani sanifu, likitajwa peke yake, lilikuwa na ugeni fulani masikioni mwao. Yeyote aliyelelewa katika Kimvita, Kiamu au Kingwana kisha akafundishwa Kiswahili sanifu darasani anaijua hali hiyo bila kuhitaji maelezo.

Lakini ugunduzi mkuu ulihusu muda. Kwa wastani jibu lilichukua karibu sekunde 1.8, na nomino za vitu vinavyoonekana zilijibiwa haraka kuliko nomino za dhahania. Kisha, katikati ya majibu yaliyotiririka vizuri, lingetokea neno moja ambalo jibu lake lilichukua muda mrefu kupita kiasi. Pengine mtahiniwa aliomba arudiwe, au alilisikia vibaya, au alicheka, au alilirudia neno lenyewe badala ya kulijibu. Pengine alijibu upesi, kisha akajikwaa katika neno lililofuata. Orodha iliporudiwa, mara nyingi alikuwa amelisahau jibu la neno lilo hilo. Mtahiniwa mwenyewe kwa kawaida hakujua kwamba alikuwa amechelewa.

Jung alihitimisha kwamba maneno hayo yaligusa fungu la kumbukumbu na fikra zilizofungwa pamoja na hisia moja kali, fungu linaloishi ndani ya mtu kwa uhuru wake. Fungu hilo aliliita kompleksi. Istilahi hiyo imeenea sana leo hata watu huitumia bila kujua kwamba asili ya maana yake hii ni orodha ya maneno na saa.

Kisu, chupa na mkoba mwekundu

Mfano mmoja alioupenda kuusimulia ni wa mwanamume mzima wa miaka thelathini na mitano, asiye na ugonjwa wowote. Alisitasita katika maneno machache tu: kisu, mkuki, kupiga, chenye ncha na chupa. Neno moja pekee lisingethibitisha chochote. Yote yakiwekwa pamoja yalisimulia kisa. Jung alimwambia kwamba yamkini aliwahi kuhusika katika ugomvi wa walevi uliofikia kuchomana kisu. Mtu huyo alipigwa na butwaa, kisha akakiri kwamba alipokuwa ugenini aliwahi kugombana akiwa amelewa, akatumia kisu na kufungwa gerezani mwaka mmoja. Alikuwa ameificha siri hiyo kwa watu wote wa kwao.

Kisa kingine kilitokea katika hospitali moja ambapo mkoba mwekundu wa ngozi wenye noti ya faranga 50 ulipotea, na wauguzi watatu wakashukiwa. Jung alitunga orodha yenye maneno yanayohusiana na mkoba huo na vilivyokuwamo, akayachanganya na maneno ya kawaida yaliyo mara mbili ya idadi hiyo. Mmoja wa wauguzi alionyesha mikwamo mingi kuliko wenzake, na baadaye alikiri kosa.

Magazeti na mahakimu walivutiwa na jambo hili, nayo maabara ikaongeza vyombo. Kati ya mwaka wa 1907 na 1908, Jung na madaktari wenzake kutoka ng'ambo walitumia galvanometa kupima jinsi ngozi ya kiganja inavyobadilika kwa jasho mtu anapotajiwa neno linalomgusa. Kwa hiyo neno moja lilionekana likiutikisa mwili, hata pale uso ulipobaki mkavu. Hata hivyo, ni lazima tuseme kwamba njia hii ina hatari yake. Mtu asiye na hatia naye huweza kukwama kwa hofu tu ya kushukiwa. Saa husema kwamba neno limeuma, lakini haisemi kwa nini. Anayedhani kwamba mkwamo ni ungamo anaweza kumtia mtu gerezani bure.

Matumizi yaliyomfaa binadamu zaidi yalipatikana wodini. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1907 kuhusu maradhi ambayo baadaye Bleuler aliyaita skizofrenia, Jung alieleza habari za mwanamke fundi cherehani aliyekuwa amelazwa kwa miaka mingi. Kila mtu aliyachukulia maneno yake kuwa porojo. Jung aliyachukua maneno hayohayo, akamtajia moja moja na kusubiri. Mathalani, mwanamke huyo alipojilinganisha na Sokrate, alikuwa akisema kwamba yeye pia alishtakiwa na kufungwa bila kosa. Maneno yaliyodhaniwa kuwa takataka yalikuwa malalamiko ambayo hayakuwahi kupata msikilizaji.

Vilevile kulikuwa na uchunguzi wa familia, uliofanywa na mwanafunzi wake Emma Fürst. Ilidhihirika kwamba watu wa nyumba moja huelekea kuyajibu maneno kwa namna moja. Jung alishtushwa hasa na majibu ya binti wa miaka kumi na sita yaliyoshabihiana sana na ya mama yake, mwanamke aliyeteswa na ndoa ya mume mlevi. Binti huyo hakuwa ameolewa, wala hakuwa ameyapitia maisha ya mama yake. Hata hivyo, alikuwa tayari amerithi uchungu wa maneno yake. Tunaporithi msamiati wa wazazi, inaelekea tunarithi pia majeraha yaliyomo.

Freud, Marekani na njia panda

Mnamo mwaka wa 1906 Jung alimtumia Sigmund Freud wa Vienna kitabu cha tafiti hizi, na mwaka uliofuata walikutana na kuzungumza kwa saa nyingi mfululizo. Freud alikuwa amedai kwamba kuna fikra ambazo mtu huzizuia zisijitokeze, na Jung sasa alikuwa na takwimu za kulitilia nguvu dai hilo. Mnamo Septemba 1909 wote wawili walialikwa katika Chuo Kikuu cha Clark, Massachusetts, ambako Jung alihadhiri juu ya mbinu yake ya uhusishaji wa maneno, na wote wakatunukiwa shahada za heshima.

Mwaka huohuo Jung aliondoka Burghölzli na kuhamia Küsnacht kando ya Ziwa Zürich, pamoja na mkewe Emma Rauschenbach, waliyefunga ndoa naye mwaka wa 1903. Kuanzia hapo saa na orodha viliwekwa kando polepole. Urafiki wake na Freud ulivunjika mwaka wa 1913, naye akageukia ndoto, visasili na dini za ulimwengu. Hamu hiyo ndiyo iliyomleta kwetu.

Neno lililovunja baraza

Mnamo Novemba 1925 Jung na wenzake waliteremka bandarini Mombasa. Walipanda gari la moshi hadi Nairobi, kisha wakasafiri hadi mji wa Eldoret, ambao yeye aliujua kwa jina la Sixty-four, lile ambalo wenyeji wamelifanya Sisibo. Kutoka huko walielekea Kakamega, na hatimaye wakapiga kambi kwenye miteremko ya Mlima Elgon, katika nchi ya Wakony, walio miongoni mwa Wasabaot.

Lugha ya mazungumzo huko ilikuwa Kiswahili. Jung alikijua kidogo tu, na alikuwa na kamusi ndogo aliyoitegemea sana. Wazee walikuja kambini, wakaketi, na shauri likafunguliwa kwa utaratibu. Laibon mmoja mzee alimwambia kwa huzuni kwamba tangu Waingereza waje hakukuwa tena na ndoto kubwa, kwa kuwa sasa mkuu wa wilaya ndiye aliyejua kila kitu. Jung alivutiwa pia na neno Mungu. Alivyoelewa ni kwamba wenyeji hao walilitumia kwa jua wakati linapochomoza. Jua likishapanda juu, halikuitwa tena hivyo. Neno lilikuwa la Kiswahili, lakini maana waliyoitia ilikuwa yao.

Siku moja, katikati ya baraza, Jung alilitaja neno la mizimu. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka wa 1962, aliliandika kwa tahajia yake mwenyewe kuwa selelteni, na msomaji wa Kiswahili hatakosa kusikia ndani yake mwangwi wa neno shetani. Papo hapo baraza likanyamaza kimya. Watu waligeuza nyuso, wakatazama huku na huko, na baadhi yao wakaondoka. Msimamizi wa msafara, Msomali, alishauriana na mkuu wa wenyeji, kisha akamnong'oneza Jung akimuuliza kilichomfanya alitamke neno hilo, na kumweleza kwamba sasa hapakuwa na budi kulivunja baraza.

Mtu aliyetumia miaka yake ya ujana kupima sehemu za sekunde alikuwa sasa mbele ya mkwamo usiohitaji saa. Zaidi ya hayo, haukuwa mkwamo wa mtu mmoja mwenye siri yake. Ulikuwa wa baraza zima. Kamusi ingeweza kumpa maana ya neno. Haikumpa uzito wake, wala haikumwambia ni wakati gani halitamkwi. Wataalamu wetu wa isimujamii wangesema kwamba aliuvunja mwiko wa lugha mahali ambapo mwenyeji angetumia tasfida.

Haifai, hata hivyo, kumsifu Jung kupita kiasi. Alikuja katika nchi iliyotawaliwa, chini ya ulinzi wa waliotawala, na maandishi yake yanawaita wenyeji kwa majina ya dharau ya zama hizo, kana kwamba walikuwa watoto katika safari ya ubinadamu. Aliyesikiliza kwa subira maneno ya fundi cherehani wa Zürich hakuwasikiliza wazee wa Elgon kwa kiwango hichohicho. Mara nyingi aliwasikiliza ili kuthibitisha yale aliyokuja nayo. Kunyamaza kwa baraza lile ndiko kulikompinga waziwazi zaidi.

Tamati

Jung aliaga dunia tarehe 6 Juni 1961 nyumbani kwake Küsnacht, akiwa na umri wa miaka 85. Kazi ya kupima athari ya maneno iliendelezwa na wengine. Mnamo mwaka wa 1957, Charles Osgood na wenzake nchini Marekani walichapisha mbinu ya kuwafanya watu walipime neno kwa vipimo vya wema na ubaya, nguvu na udhaifu, wepesi na uzito wa mwendo. Mnamo mwaka wa 1999, Margaret Bradley na Peter Lang walitoa orodha ya mamia ya maneno ya Kiingereza, kila moja likiwa na alama ya furaha au huzuni linayoamsha.

Sisi tulio katika taaluma ya Kiswahili tunaachiwa swali. Kamusi zetu zimetaja maana na ngeli za maneno kwa uangalifu mkubwa. Ni mara chache zinapotuambia ni lipi huchoma na lipi hupooza, wala kwamba neno moja huenda likamfurahisha kijana wa Mombasa na kumkwaza mzee wa Kapsokwony. Orodha, saa na wasailiwa wa lahaja na rika mbalimbali vinatosha kuianza kazi hiyo, nayo haihitaji fedha nyingi. Jambo lisilo budi ni kwamba anayeifanya akumbuke baraza la Elgon. Mtu akitajiwa neno akanyamaza, kimya hicho nacho ni jibu, na ni wajibu wa mtafiti kukiandika kabla hajaendelea na neno linalofuata.